Kidogo cha Nani? Nyumba ya Edith Farnsworth na Bei ya Kupunguza

Kiswahili kimeusifu udogo tangu zamani, lakini kimeusifu kwa masharti. Haba na haba hujaza kibaba. Yaani haba peke yake si kitu cha kujivunia; uzuri wake ni kwamba iko safarini kuelekea kibaba kilichojaa. Sasa mfikirie mtu anayekuja kukwambia kwamba kibaba hakina haja ya kujazwa hata kidogo, kwamba ule utupu uliomo ndani yake ndio mali yenyewe. Huyo ndiye Ludwig Mies van der Rohe, mtoto wa fundi mawe wa Aachen, Ujerumani, ambaye jina lake limeshikamana na kauli ya kwamba kilicho kidogo ndicho kilicho kingi. Siku hizi kauli hiyo haina mwenyewe tena. Utaikuta kwenye tangazo la simu, kwenye darasa la uandishi, na kwa yule dada wa mtandaoni anayekufundisha kugawa nguo zako hadi zijae begi moja.

Sina ugomvi na kupunguza. Msomaji wa ushairi hawezi kuwa na ugomvi nako, maana nusu ya kazi ya mshairi ni kufuta. Lakini naona tunaisifu sanaa hii ya kupunguza bila kuuliza swali ambalo mama yeyote wa nyumbani angeliuliza mara moja: nani amepunguza, na kilichotolewa kimepelekwa wapi? Kitu kikiondolewa sebuleni hakitoweki. Kimehamia stoo, au kimebebeshwa mtu mwingine.

Nataka tulijaribu swali hilo kwenye jengo moja ambalo wengi wanaliona ndiyo kilele cha sanaa hii: nyumba ya Daktari Edith Farnsworth, iliyojengwa kati ya mwaka 1949 na 1951 kando ya mto Fox, karibu na mji mdogo wa Plano, jimbo la Illinois, Marekani. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hii haikufichi kitu nyuma ya mlango, maana kuta zake ni vioo vitupu. Na bado watu wameitazama kwa miaka zaidi ya sabini bila kuingia ndani.

Kwanza tuweke majina mahali pake. Minimalizimu kama harakati yenye jina ni jambo la miaka ya 1960, hasa New York. Mwaka 1965 mwanafalsafa Mwingereza Richard Wollheim aliandika insha kuhusu kazi ambazo ndani yake kazi ya msanii inaonekana kuwa ndogo mno, na mwaka uliofuata jumba la makumbusho la Jewish Museum likafungua maonyesho ya "Primary Structures": masanduku, mihimili na safu za maumbo yasiyosimulia hadithi wala kuonyesha sura ya mtu. Donald Judd, Carl Andre, Dan Flavin na Robert Morris walikuwemo. Wengi wa wasanii hao hawakulipenda jina walilopewa. Mies hakuwa mmoja wao. Alizaliwa mwaka 1886, aliiongoza shule ya Bauhaus katika miaka yake ya mwisho hadi ilipofungwa mwaka 1933, na akahamia Chicago mwaka 1938. Lakini nyumba ile ya Plano ilikuwa imeshasimama miaka kumi na zaidi kabla vijana wa New York hawajaanza kupanga masanduku yao. Anayetaka kuielewa sanaa hii katika majengo anaanzia hapo.

Na kwa haki, tuanze na sifa. Ni nyumba nzuri. Tena nzuri kwa namna inayokunyamazisha. Kuna sakafu moja na paa moja, vyote vyeupe, vimeshikwa na nguzo nane za chuma zinazopita kwa nje, nne kila upande. Sakafu imeinuliwa kama mita moja na nusu kutoka ardhini, kwa hiyo nyumba haikai juu ya nyasi bali inaonekana kama imesita kidogo kabla ya kutua. Urefu wake ni kama mita 23 na nusu, upana kama mita 9. Ndani hakuna chumba. Katikati limesimama boma moja la mbao lenye jiko upande mmoja, mabafu mawili ndani yake na sehemu ya kuotea moto upande wa pili. Kinachobaki ni sakafu ya mawe ya travertini na kioo kutoka chini hadi juu. Miti ya nje ndiyo mapazia, ndiyo picha za ukutani. Majira yakibadilika, nyumba inabadilika rangi bila kupakwa rangi.

Sasa tazama nguzo zile kwa karibu. Utatafuta mahali nguzo ilipoungana na boriti, hutapaona. Hakuna bolti, hakuna mshono. Mafundi walichomelea chuma kwa chuma, kisha wakasaga alama za kuchomelea, wakaupiga uso wake kwa mchanga mpaka ukalainika, ndipo wakapaka rangi nyeupe. Yaani kazi ya kwanza ilikuwa kuunganisha, na kazi ya pili, iliyokula muda na fedha vilevile, ilikuwa kufuta ushahidi kwamba kuna mtu aliunganisha. Vivyo hivyo kwa mabomba: maji safi, maji machafu na nyaya vyote vimekusanywa kwenye shina moja linaloshuka chini ya nyumba, katikati, kivulini, ambako jicho haliendi. Kila anayeitazama nyumba hii huona hewa. Kumbe hewa hiyo imegharimiwa kwa jasho la kusaga chuma.

Nalisema hili si kwa kuwadharau wasanifu. Ni kanuni ya sanaa hii, na inafaa kuijua mapema: kidogo huwa hakianzi kikiwa kidogo. Hufanywa kidogo. Mtu anayeandika sentensi fupi iliyonyooka anajua ni sentensi ngapi ndefu zimezikwa chini yake.

Gharama nayo inasema. Bajeti iliyokubaliwa kabla ya ujenzi ilikuwa dola 58,400. Hadi nyumba inakamilika, hesabu ilikuwa imefika kama dola 74,000. Vita vya Korea vilikuwa vimeanza mwaka 1950 na bei za vifaa zikapanda, hilo ni kweli; lakini ni kweli vilevile kwamba Mies hakuwa mtu wa kubadilisha jiwe kwa jiwe la bei nafuu. Kwa fedha hizo, katika Marekani ya siku zile, familia kadhaa zingeweza kujengewa nyumba zenye vyumba vya kulala. Daktari alipata chumba kimoja.

Daktari mwenyewe ni nani? Hapa ndipo wasimulizi wengi huharakisha, nami nitakaa kidogo. Edith Farnsworth alizaliwa mwaka 1903. Alikuwa amesomea muziki wa fidla hadi Italia kabla ya kuingia kwenye tiba, na akawa bingwa wa maradhi ya figo mjini Chicago, mtafiti anayeheshimika, wakati ambapo wanawake madaktari walikuwa wachache mno. Alikutana na Mies mwaka 1945, akamweleza kwamba ana kiwanja kando ya mto na anataka nyumba ya kupumzikia mwisho wa wiki. Alijua anazungumza na nani. Mwaka 1947 modeli ya nyumba yake ilionyeshwa New York katika jumba la makumbusho la MoMA, na yeye alijivunia kuwa sehemu ya jambo jipya. Kwa hiyo tusimfanye mama wa watu aliyeviziwa na fundi mjanja. Aliingia macho wazi, akiwa na fedha zake na akili zake.

Halafu akahamia.

Wakati wa baridi vioo vilitoa jasho mpaka maji yakatiririka sakafuni. Wakati wa joto jua liliingia kutoka pande zote na kwa upepo kulikuwa na mlango na madirisha mawili madogo upande wa kitanda, basi. Usiku taa ikiwashwa, nyumba nzima iling'aa kando ya mto na wadudu wote wa bonde lile wakaja kuiona. Mbu nao, mto ukiwa palepale. Akaomba wavu wa kuzuia mbu barazani. Msanifu hakuupenda wavu huo, maana ungeivunja ile mistari yake, lakini hatimaye ukawekwa. Ikaja shida ya nguo: katika nyumba isiyo na chumba, nguo zinatundikwa wapi? Ikaja shida ya ndoo ya taka, kwamba haiwezi kuwekwa chini ya sinki kwa sababu mtu akiwa mbali barabarani ataiona. Mwenyewe alilalamika kwa waandishi wa habari kwamba hata kibanio cha nguo hawezi kukitundika bila kufikiria kitaonekanaje kwa nje. Na watu walikuja kutazama. Wanafunzi wa usanifu, wageni, wapita njia. Walikuja kuiona nyumba, na kwa kuwa nyumba ni kioo, walimwona yeye.

Mwaka 1967 mhakiki Michael Fried aliwashutumu wasanii wa minimalizimu kwamba kazi zao zina tabia ya jukwaa: zinamngoja mtazamaji aingie ndipo zikamilike. Sijui kama hoja yake inawaumiza Judd na wenzake. Ukikutana na yale matofali 120 ya Carl Andre yaliyopangwa sakafuni, yaliyozua kelele magazetini Uingereza mwaka 1976 kwa kuwa jumba la Tate lilikuwa limeyanunua, unaweza kucheka, unaweza kuguswa, kisha unatoka unakwenda kunywa chai. Matofali hayakudai chochote. Lakini hoja ya Fried ukiileta Plano inapata meno. Pale kuna jukwaa kweli, lenye taa, na mtu aliyesimama juu yake hakuomba kuigiza. Aliomba nyumba.

Mwaka 1951 Mies alimshtaki kwa fedha alizodai hajalipwa. Daktari naye akafungua madai dhidi yake, kwamba gharama zilipita makubaliano na kwamba nyumba haikaliki. Kesi ilisikilizwa katika mji wa Yorkville, ushahidi ukajaza maelfu ya kurasa, na mwaka 1953 uamuzi ukampa Mies ushindi. Mwishowe pande mbili zikamalizana. Kisheria jambo lilikwisha. Kifasihi ndiyo kwanza lilikuwa linaanza, kwa sababu kila upande sasa ulihitaji hadithi.

Hadithi ya kwanza ilitoka kwa maadui wa Mies. Aprili 1953 gazeti la House Beautiful, chini ya mhariri Elizabeth Gordon, lilichapisha shambulio kali dhidi ya usanifu wa aina hii, likidai kwamba wanaowaambia Wamarekani waishi na vichache wanawaandaa kutawaliwa. Zilikuwa siku za hofu ya ukomunisti, na Gordon hakuona aibu kuitumia hofu hiyo. Manung'uniko halali ya mwanamke mmoja kuhusu mbu na kabati yakageuzwa risasi ya vita baridi.

Hadithi ya pili ilitoka kwa marafiki wa Mies, nayo imedumu zaidi. Eti daktari alimpenda msanifu, msanifu hakumpenda, na kesi yote ilikuwa hasira ya mwanamke aliyeachwa. Kwamba waliwahi kuwa wapenzi, hakuna aliyethibitisha. Lakini hebu tazama kazi inayofanywa na hadithi hii. Inachukua orodha ya malalamiko yanayoweza kupimwa kwa rula na kipimajoto, maji sakafuni, joto, wavu, kabati, na kuyageuza yote kuwa wivu. Baada ya hapo hakuna haja ya kuyajibu. Hapa ndipo naona sanaa ya kupunguza ikifanya kazi nje ya jengo: mtu mwenye taaluma, fidla, utafiti na hoja kapunguzwa mpaka kabaki moyo uliovunjika. Nguzo zilisagwa ili mshono usionekane. Na yeye kasagwa vivyo hivyo.

Mwanahistoria Alice Friedman, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu wanawake waliojengesha nyumba za kisasa, ni miongoni mwa waliomrudishia daktari nafasi yake kama mteja mwenye akili. Karatasi za Farnsworth mwenyewe, pamoja na kumbukumbu alizoandika na mashairi, zimehifadhiwa katika maktaba ya Newberry mjini Chicago. Kwa hiyo sauti yake haikupotea. Ilikuwepo muda wote, kwenye masanduku, ikingoja wasomaji waliokuwa nje wakishangaa vioo.

Na jambo moja linasahauliwa katika hadithi zote mbili: aliendelea kuimiliki nyumba hiyo kwa miaka ishirini hivi. Aliweka humo samani alizozipenda yeye, akapokea wageni, akavumilia mafuriko ya mwaka 1954 yaliyopanda hadi ndani. Alipoondoka, aliyemwondoa alikuwa daraja. Serikali ya kaunti ilitwaa sehemu ya kiwanja chake ili kuhamishia barabara na daraja jipya karibu zaidi na nyumba, akapinga mahakamani, akashindwa. Mwaka 1972 aliiuza nyumba kwa Peter Palumbo, tajiri wa majengo kutoka London.

Palumbo alifanya nini? Aliirudisha nyumba kwenye usafi wake, ndivyo inavyoelezwa. Aliondoa wavu wa mbu. Akaweka samani zilizobuniwa na Mies. Na akafunga kiyoyozi.

Soma tena hapo, msomaji. Daktari alilalamika joto akaambiwa haelewi sanaa. Tajiri aliyekuja baada yake aliiokoa sanaa kwa kuweka mashine ya kuondoa joto na kuificha. Sasa hapo tuseme nani alikuwa amekosea kuhusu joto? Nyumba ile ilionekana safi zaidi bila wavu, lakini kilichowezesha wavu uondoke ni umeme, fedha, na mmiliki mwenye nyumba nyingine za kuishi.

Ndiyo maana nasema kidogo cha namna hii hakisimami peke yake. Kina ghala mahali fulani. Mfano mwingine hauko mbali. Philip Johnson, aliyekuwa ameiona modeli ya Mies, aliwahi kumaliza nyumba yake ya kioo kule New Canaan, Connecticut, mwaka 1949, kabla hata ya ile ya Plano kukamilika. Imesifiwa sana kwa wepesi wake. Lakini mkabala wake, hatua chache tu, Johnson alijenga nyumba ya pili ya matofali, ambayo upande unaotazama kioo hauna dirisha hata moja. Humo mna kitanda cha faragha, na humo ndimo zilimowekwa mashine za kuhudumia majengo yote mawili. Johnson alikuwa msanifu na mteja kwa wakati mmoja, akajipa alichohitaji: jukwaa la kuonekana na tundu la kujificha. Edith alipewa jukwaa tu.

Nimetaja fasihi mwanzoni, na wasomaji wa hapa watakuwa wanangoja. Basi tuje kwetu.

Mwaka 1981 Raymond Carver alitoa mkusanyiko wa hadithi fupi, "What We Talk About When We Talk About Love", na wahakiki wakautaja kuwa kilele cha minimalizimu katika uandishi wa Kimarekani. Sentensi fupi, watu wa kawaida, mazungumzo yanayokatika, mwisho unaokuacha ukingoni. Vizazi vya wanafunzi wa uandishi vimeigiza ukimya ule. Kilichokuja kujulikana baadaye kwa wasomaji wengi ni kwamba mkata maneno alikuwa mhariri wake, Gordon Lish. Mswada wa Carver ulipunguzwa kwa zaidi ya nusu. Hadithi yake kuhusu wazazi ambao mtoto wao kagongwa na gari siku ya kuzaliwa kwake, iliyoitwa "A Small, Good Thing", ilikatwa karibu asilimia 78 na kupewa jina jingine, "The Bath". Katika toleo la Carver, mwokaji mikate aliyekuwa akiwasumbua wazazi kwa simu anawakaribisha dukani kwake usiku, wanakula mkate, wanaongea mpaka alfajiri. Katika toleo la Lish hadithi inakatika wakati simu inapolia.

Julai 1980 Carver alimwandikia Lish barua akimsihi asimamishe uchapishaji wa kitabu. Kilichapishwa hivyo hivyo. Kikasifiwa, na sifa zikamjenga Carver. Miaka miwili baadaye, katika "Cathedral", alirudisha hadithi ya mkate kwa urefu wake, na mwaka 2009, zaidi ya miaka ishirini baada ya kifo chake, mswada wa awali ukachapishwa kwa jina la "Beginners".

Sisemi kwamba Lish aliharibu kila alichogusa. Kuna hadithi katika kitabu kile ambazo kisu chake kilizinoa, na ni uvivu wa mhakiki kudai kwamba maneno mengi ndiyo ukweli na machache ndiyo uongo. Lakini iweke ile hadithi ya mkate kando ya wavu wa mbu. Lish aliona kwamba faraja inavunja mstari. Mikate ya moto, msamaha, watu watatu wamekaa mezani: hivyo ni vitu vinavyochafua kioo. Akaviondoa, na kilichobaki kinatisha kwa uzuri. Swali ni lile lile: hii ilikuwa nyumba ya nani? Carver alikuwa mtu aliyeacha pombe mwaka 1977, aliyekuwa anajifunza upya kukaa mezani na watu. Alitaka hadithi zake ziwe na mahali pa kukaa. Aliyekata hakuwa na haja ya kukaa humo.

Kwa hiyo napendekeza kipimo, nacho si kigumu. Ukikutana na kazi iliyopunguzwa, iwe jengo, hadithi, shairi au chumba cha rafiki, usihesabu vilivyobaki. Uliza aliyepunguza na atakayeishi na upungufu huo ni mtu mmoja au ni wawili. Kama ni mmoja, amejiwekea nadhiri, na nadhiri ni haki ya mtu. Kama ni wawili, basi kuna mmoja anayefunga saumu na mwingine anayehesabiwa thawabu.

Kipimo hiki kinamwokoa Donald Judd, mtu ambaye wengi wangedhani nitamkaanga. Judd aliondoka New York miaka ya 1970 akaenda kukaa Marfa, mji mdogo katika jangwa la Texas. Huko, katika maghala mawili ya zamani ya jeshi, yamewekwa masanduku 100 ya alumini aliyoyaunda kati ya mwaka 1982 na 1986. Kwa nje yote yana vipimo sawa. Kwa ndani kila moja limegawanywa tofauti, na mwanga wa jangwa ukipita kwenye madirisha makubwa huyafanya mengine yaonekane kama maji, mengine kama moshi. Ni kweli masanduku yalitengenezwa kiwandani, Connecticut, kwa mikono ya wengine, kwa hiyo swali la mafundi linabaki palepale. Lakini hakuna aliyefungiwa ndani ya sanduku. Na Judd mwenyewe aliishi vipi? Nyuma ya ukuta wa matofali ya udongo, na maktaba ya vitabu kama 13,000. Mtume wa vichache alikuwa na vitabu elfu kumi na tatu, jamani! Sioni unafiki hapo. Naona mtu aliyejua kipi cha kupunguza na kipi cha kubaki nacho, na aliyeamua mwenyewe.

Kipimo hicho hicho hakiifuti nyumba ya Plano. Sitaki ibomolewe, wala sitaki tujifanye si nzuri ili tuonekane tuko upande wa haki. Desemba 2003 ilipigwa mnada, na taasisi za kuhifadhi majengo ya kihistoria zikainunua kwa dola milioni 7.5, leo ni mahali pa kutembelewa. Mto haukusoma vitabu vya sanaa: mwaka 1996 ulivunja kioo na kuingia, na mwaka 2008 ukaingia tena. Kama jumba la makumbusho, nyumba hiyo hatimaye imepata kazi inayoifaa, maana mgeni hutembea, hutazama, huondoka jioni. Hakuna anayetafuta pa kutundika koti lake.

Ila mwaka 2020 walinzi wa nyumba walifanya jambo lililonifurahisha. Waliondoa kwa muda zile samani za Mies wakaweka samani za aina aliyokuwa nazo daktari, ili wageni waione jinsi ilivyokuwa ikikaliwa. Mwaka uliofuata jina rasmi likabadilishwa: ikawa Nyumba ya Edith Farnsworth, kwa jina lake kamili. Ni nyongeza ya neno moja tu. Baada ya miaka yote hiyo ya kusifu kupunguza, marekebisho muhimu kuliko yote yalikuwa kuongeza.

Yeye hakuyaona hayo. Baada ya kuuza nyumba alihamia Italia, karibu na Florence. Alikuwa pia mfasiri wa mashairi; alitafsiri kazi za Eugenio Montale, miongoni mwa washairi wengine wa Kiitalia, na akafariki mwaka 1977. Kwangu mimi hilo ndilo linalomweka miongoni mwetu, watu wa vitabu. Mfasiri huingia katika nyumba aliyoijenga mwingine, na kabla ya kuhamisha chochote hulazimika kujua kila kitu kilikaa wapi na kwa nini. Ni kazi ya kukaa ndani. Watakaopata nafasi ya kuzifungua karatasi zake pale Newberry, nawaomba waende na muda wa kutosha, waanze na maandishi yake mwenyewe, kisha ndipo watazame picha za nyumba.